Louis Leakey

Louis Seymour Bazett Leakey (Kabete, Kenya, 7 Agosti 1903 – London, Uingereza, 1 Oktoba 1972) alikuwa mwanaakiolojia na mtafiti wa asili ya binadamu, mzaliwa wa Kenya mwenye wazazi Waingereza. Pamoja na mke wake Mary Leakey alifanya utafiti kwa miaka mingi katika bonde la Olduvai nchini Tanzania na katika visiwa na fukwe za Ziwa Victoria upande wa Kenya. Kazi yao ilichangia sana kuwashawishi wataalamu kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika, wakati ambapo wengi walilitafuta Asia na Ulaya.

Leakey ni mfano unaofaa kuangaliwa pia katika habari za malezi. Sehemu kubwa ya elimu yake ya utotoni aliipata nyumbani, porini na kwa majirani Wakikuyu, akifuata mambo yaliyomvutia mwenyewe. Baadaye yeye na Mary waliwalea wana wao watatu kwa njia inayofanana na hiyo. Matokeo yake yalikuwa na mazuri mengi, na pia yalikuwa na gharama.

Kuzaliwa na familia

Louis alizaliwa katika kituo cha misheni cha Church Missionary Society huko Kabete, karibu na Nairobi. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyeshiriki kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Mama yake aliitwa Mary Bazett. Louis alikuwa na dada wawili wakubwa, Julia na Gladys, na mdogo wake wa kiume, Douglas. Gladys aliolewa na Leonard Beecher, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Kianglikana wa Afrika Mashariki.

Makazi ya kwanza ya familia hapo Kabete yalikuwa duni. Watoto wa majirani walikuwa Wakikuyu, na Louis alikua akizungumza Kikikuyu sawasawa na Kiingereza. Familia ilirudi Uingereza mara mbili kwa vipindi vya miaka michache, 1904–1906 na 1911–1913, na huko watoto walikwenda shule. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza mwaka 1914, safari za baharini zikawa za hatari, na familia ikabaki Kabete hadi vita ilipokwisha. Kwa hiyo Louis alipitisha umri wake kati ya miaka 10 na 16 bila kuingia darasani.

Elimu ya nyumbani

Masomo ya kawaida hayakuachwa. Watoto walifundishwa nyumbani na mwalimu aliyeajiriwa na wazazi, na baba yao pia alikuwa na sehemu yake katika kuwafundisha. Lakini saa za masomo zilikuwa chache, na muda uliobaki ulikuwa wao. Walikusanya mayai ya ndege na mafuvu ya wanyama, na walilea watoto wa wanyama pori. Baba yao alipenda elimu ya viumbe na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha historia ya asili cha Afrika Mashariki na Uganda. Kwa hiyo mtoto aliyeleta ndege au mdudu nyumbani alikuta mtu mzima aliye tayari kumsikiliza.

Mwalimu mwingine wa Louis alikuwa Joshua Muhia, mwindaji aliyemfundisha kufuata nyayo, kutega mitego na kukaa kimya kwa muda mrefu akimtazama mnyama. Mafunzo hayo hayakuwa na daftari wala mtihani. Mtego uliotegwa vibaya ulirudi mtupu, na hilo lilitosha kuwa sahihisho.

Wavulana wa rika lake walipofika umri wa jando, Louis aliingizwa pamoja nao katika rika la Mukanda, akapewa jina la Wakaruigi. Kwa kuwa mambo ya jando yalikuwa ya siri, hakuyazungumza hadharani. Kufuatana na desturi, kijana wa umri huo hujenga nyumba yake mwenyewe. Louis aliomba ruhusa ya kufanya hivyo, na wazazi wake wakakubali. Alijenga nyumba ya Kikikuyu mwishoni mwa bustani ya misheni, akahamia humo na kuweka humo vitu vyote alivyokusanya.

Mawe ya Kabete

Akiwa na umri wa miaka 12 hivi Louis alipewa zawadi ya kitabu cha H. R. Hall kiitwacho Days Before History, hadithi ya watoto juu ya maisha ya watu wa kale wa Uingereza waliotumia zana za mawe. Baada ya kukisoma alianza kutafuta zana kama hizo Kabete. Picha za kitabu zilionyesha zana za gumegume, jiwe ambalo halikuwapo hapo. Kwa hiyo aliokota kila jiwe lililofanana na zana hizo kwa umbo, na mengi yalikuwa vipande vyeusi vya obsidiani, yaani kioo cha volkeno. Wakikuyu waliyajua mawe hayo. Waliyaita nyembe za mizimu na kusema huanguka na mvua, kwa kuwa huonekana ardhini baada ya mvua kuosha udongo.

Watu wazima wa nyumbani hawakuutilia maanani sana mkusanyo huo. Hatimaye kijana aliupeleka kwa Arthur Loveridge, mtunzaji wa kwanza wa makumbusho ya historia ya asili mjini Nairobi. Loveridge aliyachunguza mawe, akamwambia kwamba baadhi yake ni zana za kweli zilizotengenezwa na watu. Alimhimiza aandike mahali kila kipande kilipopatikana. Tangu siku hizo Louis aliamua kwamba kazi yake itakuwa kutafuta historia ya watu wa kale wa Afrika Mashariki, jambo ambalo karibu hakuna mtu aliyelishughulikia wakati ule.

Katika tukio hilo kuna mambo matatu yaliyorudi mara nyingi katika maisha yake. Swali lilitoka kwa mtoto mwenyewe. Muda wa kulifuatilia ulikuwapo. Na mtu mwenye ujuzi alimjibu kwa uzito, kama anavyomjibu mtu mzima.

Shule na chuo kikuu

Mwaka 1919 familia ilikwenda tena Uingereza, na Louis, akiwa na miaka 16, aliingizwa katika shule ya bweni ya wavulana, Weymouth College. Kijana aliyekuwa na nyumba yake mwenyewe sasa alilala kwa saa iliyopangwa, na aliomba ruhusa kwenda dukani. Hakujua kriketi wala desturi za wavulana wa Kiingereza, akachekwa na kuonewa. Matokeo yake ya masomo hayakuwa mazuri, na mwalimu mmoja alimshauri atafute kazi benki. Mwalimu mwingine, wa somo la Kiingereza, alimsaidia kuomba nafasi katika St John's College, Cambridge. Louis alifanya vizuri katika mtihani wa kuingilia, akapata ufadhili.

Cambridge ilidai lugha za kisasa, naye akaitaja Kikikuyu kuwa mojawapo. Chuo hakikuwa na la kukataa, ingawa kumpata mtahini kulikuwa kugumu. Mwaka 1923 aliumia kichwa akicheza raga, akashauriwa kuacha masomo kwa muda. Mwaka 1924 alijiunga na msafara wa British Museum kwenda Tendaguru, mkoani Lindi, kuchimba mifupa ya dinosaria. Huko alijifunza kwa vitendo namna ya kuendesha kambi na kuchimba bila kuharibu. Alirudi Cambridge, na mwaka 1926 alihitimu kwa daraja la kwanza katika akiolojia na anthropolojia.

Ndoa na watoto

Mwaka 1928 Leakey alimwoa Frida Avern. Walipata watoto wawili, Priscilla (1931) na Colin (1933). Mwaka 1933 alikutana na Mary Nicol, mchoraji wa zana za kale, akaiacha familia yake wakati Colin angali mtoto mchanga. Talaka ilitolewa mwaka 1936. Jambo hilo lilimharibia jina huko Cambridge. Priscilla na Colin walilelewa na mama yao Uingereza, mbali na baba. Colin alikuja kuwa mtaalamu wa mimea aliyejulikana kwa utafiti wake juu ya maharage.

Louis na Mary walioana tarehe 24 Desemba 1936. Mary, aliyezaliwa London mwaka 1913, naye alikuwa na utoto wa namna yake. Baba yake, mchoraji Erskine Nicol, alikuwa akisafiri na familia, hasa kusini mwa Ufaransa, na alimfundisha binti yake mwenyewe. Huko Mary aliona mapango yenye michoro ya kale na kuokota zana za mawe. Baba alipofariki mwaka 1926, Mary alipelekwa katika shule za watawa akafukuzwa mara mbili, mara moja kwa kusababisha mlipuko katika somo la kemia. Hakupata cheti chochote cha shule, lakini alikuja kuwa mmoja wa wachimbaji makini kuliko wote wa karne yake.

Walipata watoto wanne: Jonathan (1940), Deborah (1943), Richard (1944) na Philip (1949). Deborah alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu akiwa na miezi mitatu.

Malezi kambini

Wana watatu walikwenda shule mjini Nairobi, lakini wakati wa likizo waliishi na wazazi kambini: Olorgesailie, Olduvai na kando ya Ziwa Victoria. Mary aliendelea na uchimbaji hata watoto walipokuwa wadogo. Kambini hakukuwa na ratiba ya kuwatumbuiza. Walitakiwa kujua wenyewe wapi pana nyoka, kuchunga maji na kutokanyaga mahali panapochimbwa. Ndani ya mipaka hiyo waliachwa wafanye watakavyo. Waliyojifunza hapo waliyapata kwa wazazi wao, na pia kwa wafanyakazi Waafrika wa kambi, ambao wengi walikuwa na ujuzi mkubwa wa kutambua visukuku ardhini.

Eneo la ziwa lilikuwa na nafasi ya pekee. Kwenye kisiwa cha Rusinga, tarehe 2 Oktoba 1948, Mary alipata fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale asiye na mkia, aliyeishi mamilioni ya miaka kabla ya binadamu. Baadaye, kwa msaada wa mfanyabiashara Charles Boise, walipata mashua waliyoiita Miocene Lady, iliyowapeleka Rusinga na kuwa nyumba yao wakiwa huko.

Tukio linalosimuliwa mara nyingi lilitokea Kanjera, kwenye rasi ya Homa kando ya ziwa hilohilo. Richard, akiwa na miaka sita hivi, alikuwa akilalamika kwamba amechoka na jua na hana la kufanya. Louis, aliyekuwa kazini, alimwambia aende akatafute mfupa wake mwenyewe. Mtoto alikwenda, akaona kipande cha mfupa, akaanza kukifukua kwa vifaa vidogo alivyopewa. Kilikuwa taya la nguruwe mkubwa wa jamii iliyotoweka, na katika hali nzuri kuliko lililowahi kupatikana. Wazazi walipoona hivyo walimwondoa na kuchukua kazi hiyo wenyewe. Richard alikasirika sana, na alilikumbuka jambo hilo hata ukubwani. Uhuru aliopewa ulikuwa wa kweli mpaka kile alichokipata kilipokuwa na thamani kwa wakubwa.

Kwa Jonathan wazazi walifanya tofauti. Mwaka 1960 huko Olduvai alipata taya la mnyama wa jamii ya paka mwenye meno marefu kama majambia. Walimwachia eneo hilo alichimbe mwenyewe, nalo likaitwa kwa jina lake. Humo alipata taya, vipande vya fuvu na mifupa ya mkono ya mtoto wa kale ambaye alikuwa bado hajabalehe. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walitangaza kwamba mifupa hiyo ni ya aina mpya, Homo habilis. Hata hivyo Jonathan hakufuata kazi hiyo. Tangu utotoni alipenda nyoka, na baadaye alihamia Baringo, akafuga nyoka na kuuza sumu yao kwa matumizi ya dawa. Wazazi hawakumzuia.

Richard kuacha shule

Shuleni Richard alionewa na wanafunzi wenzake wa Kizungu kwa sababu ya uhusiano wa wazazi wake na Waafrika, na hakuyapenda masomo. Alipokuwa na miaka 16 hivi aliamua kuacha. Wazazi, ambao wenyewe hawakuipenda shule, hawakumlazimisha kubaki, lakini Louis aliweka sharti: anayeacha shule ajitegemee. Richard alitega wanyama, akauza mifupa yao iliyosafishwa kwa taasisi za elimu, akaongoza watalii na kujifunza kurusha ndege.

Mwaka 1964 aliongoza msafara karibu na Ziwa Natron, ambako Kamoya Kimeu alipata taya la kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale. Richard aligundua kwamba mtu asiye na vyeti huendesha msafara, lakini sifa ya kisayansi huwaendea wenye shahada. Alikwenda London, akasoma kwa miezi michache masomo ya miaka miwili na kufaulu, lakini hakuingia chuo kikuu. Mwaka 1968 alichukua uongozi wa makumbusho ya taifa ya Kenya. Hapo aligongana na baba yake juu ya fedha na madaraka, na kwa miaka kadhaa uhusiano wao ulikuwa mbaya. Kijana aliyeambiwa tangu mdogo atafute njia yake alikuwa ameipata, nayo ilipita katika eneo la baba.

Philip, mdogo wao, naye aliacha shule mapema. Mwaka 1979 alichaguliwa kuwa mbunge wa Lang'ata. Mwaka huohuo, ingawa ndugu hao walikuwa hawaelewani, alimtolea Richard figo yake moja.

Wanafunzi wasio wa kawaida

Imani ya Leakey kwamba macho yenye shauku yana thamani kuliko vyeti ilionekana pia katika watu aliowachagua. Mwaka 1960 alimtuma Jane Goodall, asiye na shahada, kuchunguza sokwe huko Gombe, Kigoma. Aliona ni heri mtu ambaye akili yake haijajazwa nadharia za wengine. Lakini baadaye alihakikisha Goodall anasoma shahada ya uzamivu Cambridge, kwa sababu alijua wanasayansi hawangemsikiliza bila hiyo. Baadaye alisaidia pia Dian Fossey kuchunguza sokwe wa milimani na Biruté Galdikas kuchunguza orangutani huko Borneo.

Mipaka ya uhuru huo

Malezi ya akina Leakey yaliwezekana katika mazingira maalumu. Familia ilikuwa ya Kizungu katika koloni, yenye watumishi, na kijana wa Kizungu aliyeacha shule bado alikuwa na milango mingi wazi mbele yake. Mtoto wa Kiafrika wa wakati huo aliyejua nyayo na mitego kumzidi Louis hakupelekwa Cambridge. Kwake nafasi ya shule ilikuwa adimu, na kuikosa kulimfungia kazi nyingi. Kamoya Kimeu mwenyewe, mmoja wa watafutaji hodari wa visukuku, alianza kama kibarua.

Uhusiano wa Leakey na Wakikuyu nao ulipata jeraha. Wakati wa vita ya Mau Mau aliishauri serikali ya kikoloni, na mwaka 1952 alikuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria, hadi mawakili wa utetezi walipompinga akajiondoa. Kwa wengi waliomlea kama mwana wa rika lao, hilo lilikuwa usaliti. Wakati huohuo alikuwa ameandika kwa kirefu juu ya mila za Wakikuyu, pamoja na malezi ya watoto wao. Kazi hiyo, The Southern Kikuyu before 1903, ilitolewa kwa majuzuu matatu mwaka 1977, baada ya kifo chake.

Kifo

Mwishoni mwa Septemba 1972 Richard alimwonyesha baba yake fuvu lililopewa namba 1470, ambalo Bernard Ngeneo alikuwa amelipata mashariki mwa Ziwa Turkana. Louis alifurahi mno, kwa kuwa aliona linathibitisha mambo aliyoyashikilia kwa miaka mingi. Safari hii kilichopatikana kilibaki mikononi mwa mwana, na wawili hao wakapatana. Siku chache baadaye, tarehe 1 Oktoba 1972, Louis Leakey alifariki London kwa ugonjwa wa moyo. Alizikwa Limuru, Kenya, karibu na wazazi wake.

Mary aliendelea na kazi Tanzania. Mwaka 1978 kikundi chake kilivumbua Laetoli nyayo za binadamu wa kale zilizohifadhika katika majivu ya volkeno. Alifariki mwaka 1996. Richard alifariki tarehe 2 Januari 2022.